Ruhusa ya Kuvuka Mlima

Heri mfalme asiyejua muziki. Huyo unamwimbia huku anatafuna, anapiga makofi mahali pasipostahili, anasema "vizuri, vizuri," na kila mtu anakwenda zake. Wetu sisi wa Valsera, Mfalme Ardovino, alikuwa anaujua muziki hasa, na hapo ndipo tabu yetu ilipoanzia. Alipiga udi kuwashinda wapiga udi aliowaajiri. Alitunga nyimbo zake mwenyewe, na si zile za kifalme ambazo sote tunajua zimeandikwa na mtu mwingine. La, zake kabisa, za kutokwa jasho. Akiwa ghorofani anakula, uzi mmoja wa udi ukilegea kule uani, aliweka kisu chini na kuuliza ni nani huyo asiye na masikio.

Ufalme wenyewe ungeuvuka kwa siku tatu juu ya punda, tena punda mvivu. Lakini kanisa dogo la ikulu lilikuwa na waimbaji kumi na wanne, idadi ambayo wafalme wenye bahari na majeshi hawakuwa nayo. Aliwapataje? Wengine aliwaomba, wengine aliwarubuni, wengine aliwaiba waziwazi kutoka kwaya za wafalme wenzake, nao wenzake walimwibia wake, maana ndivyo walivyofanyiana. Kwa hiyo aliyeingia hakutoka. Mwimbaji akitaka kuvuka mlima, hata kama ni kwenda kumzika mama yake, sharti awe na karatasi ya ruhusa yenye muhuri wa mfalme, la sivyo walinzi wa lango la juu wanamrudisha. Mmoja wao, Egidio, alijaribu. Alijichanganya na wauza jibini, akakamatwa, akafungiwa kwenye chumba kilicho chini ya kengele. Kila asubuhi walimtoa akaimbe misa, kisha wakamrudisha ndani. Na aliimba vizuri, haki ya Mungu, na hiyo ndiyo ilituuma zaidi.

Sasa Lieven. Huyu alitoka Flanders, nchi ya mvua na sufu huko kaskazini, na sauti yake ya tenori, ile ya juu ya kiume, ndiyo aliyoipenda mfalme kuliko zote. Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili. Ikawa tisa. Mkewe Machteld alibaki kwao, mdarizi wa mavazi ya mapadri, na barua zake zilifika mara moja au mbili kwa mwaka kwa mikono ya wafanyabiashara wa sufu. Ile iliyofika mwanzoni mwa Oktoba haikuwa kwa mwandiko wake. Aliiandika padri wa mtaani kwao.

"Jicho la kushoto limekwisha," ilisema. "La kulia linaona asubuhi tu, tena kwa ukungu. Mganga anasema Pasaka halitakuwepo. Sikulaumu, Lieven, lakini nimeanza kusahau pua yako ilivyo. Njoo nikutazame."

Lieven aliisoma akiwa amesimama jikoni, bakuli la maharage mkononi. Akaisoma tena. Kisha akaketi juu ya gunia la kokwa za chestnati na kulia mbele ya wapishi bila kujificha. Theluji hufunga njia ya mlimani kabla ya katikati ya Novemba, na haifunguki mpaka Pasaka imepita. Hesabu hiyo hata mtoto angeifanya. Akivuka sasa, mkewe atamwona. Akichelewa, hatamwona tena maishani.

Mwalimu wa kwaya, mzee Prosdocimo, alimshika bega.

"Nenda kwa mfalme leo leo. Jana kamaliza wimbo wake, ana furaha. Usimweleze mengi. Sema una shughuli za nyumbani."

"Nisimwambie habari ya macho?"

"Weee! Mtu yule ukimwonyesha huzuni haiachi. Omba karatasi, chukua karatasi, ondoka."

Na kweli mfalme alikuwa na furaha. Alikuwa ameketi dirishani, udi pajani, miguu mitupu, wino kwenye ndevu. Alimsikiliza Lieven mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa upole.

"Miaka tisa bila kwenda kwenu! Na mimi nimekaa kimya tu. Nenda, Lieven wangu. Majira ya baridi yote ni yako." Akamwita karani, karatasi ikaandikwa pale pale. Mfalme akaichukua, akaichomeka chini ya udi. "Muhuri nitaugonga Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, ukishaniimbia huu. Kesho yake, safari. Theluji haitakuwa imefika."

Huu ulikuwa wimbo wa Malkia Oretta, mke wake, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Miaka mitatu mfalme aliutunga na kuufuta. Sauti moja tu, ya Lieven, na udi mmoja, wa mfalme mwenyewe. Lieven aliupitisha macho ule ukurasa, akaona si mgumu. Hata mwanafunzi angeuimba. Alitoka pale anatembea kwa kurukaruka, mtu wa miaka thelathini na tisa.

Sasa nisikilize vizuri, maana shida yote iko hapa. Kila mwimbaji aliyelelewa kanisani anajua kwamba wimbo ukikaribia kufunga, ile noti ya kabla ya mwisho unaipandisha kidogo, nusu ya hatua, ili ya mwisho ipokelewe vizuri. Haiandikwi. Kumwandikia mwimbaji jambo hilo ni kumtukana, sawa na kumwandikia mpishi kwamba mchuzi hutiwa chumvi. Lieven alianza kupigwa viboko kwa ajili ya nusu hiyo akiwa na miaka saba. Kufikia sasa haikuwa tena kichwani mwake. Ilikuwa kooni.

Kwa hiyo mazoezi ya kwanza, mbele ya kwaya nzima, alifika mwisho wa wimbo na akapandisha. Mfalme akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Nani kakwambia upandishe?"

Lieven alidhani ni utani. "Mtukufu, si ndiyo kawaida?"

"Kawaida naijua. Nimeandika nini hapo?"

"Imeandikwa chini, Mtukufu. Lakini siku zote huandikwa chini."

"Na mimi nataka iimbwe chini!" Mfalme alisimama. "Oretta hakupanda popote. Nilikuwa nimemshika mkono. Alishuka, akashuka, akanyamaza. Mnataka mniinulie kitu ambacho hakikuinuka? Tena."

Akaimba tena. Akapandisha tena. Nyuma, Baldo wa sauti ya besi, mtu asiyeweza kukaa na neno mdomoni, alinong'ona, "Kumbe noti yenyewe ina mabawa," na nusu ya kwaya ikakohoa ili isicheke. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Mfalme hakufoka. Alimtazama Lieven kwa mshangao, akasema watapumzika, kesho watajaribu tena.

"Atakuwa amekosea tu kuandika," Baldo alisema walipokuwa wanakula. "Mfalme akikosea, kosa linaitwa huzuni. Mimi nikikosea, linaitwa Baldo."

"Hajakosea," Lieven alisema. "Ni nzuri hivyo ilivyo. Naisikia kichwani. Ila sijui kuitoa."

"We mtu mzima unashindwaje kutopanda? Si unabaki tu hapo hapo?"

"Jaribu wewe basi!"

Baldo akajaribu, mkate mdomoni. Akapandisha. Akajaribu tena, akapandisha tena, akatukana, na safari hii hakuna aliyecheka.

Siku zilikwenda. Lieven aliimba mstari ule akinyoa, akifunga viatu, akipanda ngazi. Akiimba noti ile peke yake, inatoka chini bila shida. Akiuimba wimbo wote, akifika pale, koo linajinyanyua lenyewe. Alijaribu kuimba akiwa amelala kifudifudi. Alijaribu kujifinya paja mpaka likawa jeusi. Prosdocimo alimshauri awaze jambo jingine afikapo pale, na alipowaza jambo jingine alipandisha vizuri zaidi ya siku zote.

Kibaya zaidi ni kwamba mfalme alikuwa mwema. Alishuka mwenyewe mpaka chumbani kwa Lieven na udi wake, akaketi kitandani penye shuka lisilofuliwa, akamfundisha. Na alikuwa mwalimu hodari, tusiseme uongo. Alipunguza mwendo. Aliimba naye. Alimpa sifa alipokosea karibu na ukweli. "Usiogope, tutafika," alimwambia, na kumletea kipande cha jibini ndani ya kitambaa. Lieven alitafuna huku anatazama dirishani. Kwenye mabega ya mlima, weupe wa kwanza ulishaonekana.

Siku tano kabla ya Siku ya Wafu, mfalme alichoka. Ilikuwa adhuhuri, kwaya yote ipo. Lieven alifika mwisho, na noti ikapanda, safi, tamu, na ya kulaaniwa. Mfalme akarusha karatasi za wimbo hewani.

"Toka!" alipiga kelele. "Toka mbele yangu! Toka ikulu, toka Valsera! Rudi kwenu ukawaimbie kondoo! Mpeni karatasi yake aende, sitaki kumsikia tena!"

Moyo wa Lieven uliruka. Hakuamini masikio yake. Aliinama haraka, akasema, "Ndiyo, Mtukufu," na akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Mbili tu. Mzee Prosdocimo alikuwa ameshajitupa chini, amekumbatia miguu ya mfalme.

"Huruma, Mtukufu! Miaka tisa amekutumikia! Usimfukuze mtu huyu kwa aibu, atakosa kazi kila mahali! Mpe siku hizi zilizobaki, nakusihi kwa roho ya malkia!"

"Mwalimu," Lieven alisema, "Mwalimu, basi, inatosha..."

"Nyamaza wewe, nakuokoa!"

Na mfalme, ambaye hasira zake zilikuwa fupi, akaanza kulia kwa aibu. Alimfuata Lieven pale mlangoni, akamkumbatia mbele ya watu wote, akamwomba radhi, mfalme kumwomba radhi mwimbaji, jambo ambalo hatujaliona tena. Lieven alisimama ndani ya kumbatio lile, mikono ikining'inia. Kwa juu ya bega la mfalme aliuona uso wa Prosdocimo umeng'aa kwa furaha ya wema alioutenda. Angeweza kumnyonga.

"Ungeniacha niende!" alimwambia baadaye kwenye ngazi, amemshika kola. "Alikuwa ameshasema niende!"

Mzee alimtazama, na polepole akaelewa. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Mama yangu. Mimi nilisikia anakufukuza tu. Sikusikia kingine." Akaketi kwenye ngazi. "Nimekufanyia nini, mwanangu?"

Lieven alimwachia kola, akaikunjua ilipojikunja, akaenda kufanya mazoezi.

Siku ya Wafu ikafika. Kanisa lilijaa, mishumaa, nguo nyeusi, kaburi la malkia limefunikwa kitambaa ambacho watu wa mjini walikifuma wenyewe. Mfalme aliketi kwenye kigoda cha kawaida, si kiti cha enzi, udi mkononi, uso mweupe. Lieven alisimama kando yake. Usiku uliopita hakulala wala hakufanya mazoezi. Alikuwa amefunga mzigo wake: mashati mawili, viatu vya mlimani, na glavu alizomnunulia Machteld mwaka wa kwanza na kushindwa kumpelekea.

Akaanza kuimba. Aliimba kama alivyoimba siku zote, yaani vizuri kupita kiasi. Lakini alipokaribia mwisho akamwona Machteld. Hakumtafuta, alikuja mwenyewe. Alikuwa ananyoosha mkono, anaupitisha usoni mwake kama vipofu wanavyofanya, anaitafuta ile pua aliyoisahau. Nguvu zilimtoka kifuani, na ilipofika noti ile, koo halikuwa na chochote cha kunyanyukia. Sauti ilishuka. Ilibaki chini, pale pale ilipoandikwa, kisha ikanyamaza.

Hakuna aliyekohoa. Mimi nimesikia nyimbo nyingi katika kanisa lile, na nakwambia nilishika ukingo wa benchi. Baldo alikuwa analia waziwazi, domo wazi. Mfalme aliinama juu ya udi wake na mabega yakatikisika, na hatukujua tuangalie wapi.

Baada ya misa Lieven alikwenda chumba cha mfalme, kile cha dirishani. Viatu vya mlimani alikuwa ameshavivaa. Mfalme alikuwa amesimama na ile karatasi mkononi, macho mekundu, na muhuri uko mezani kando ya nta.

"Ndiyo yenyewe," mfalme alisema. "Ndivyo ilivyokuwa, hasa hasa. Nilidhani mtu hawezi kuisikia tena mara ya pili. Nimeketi pale, nimemshika mkono tena. Umenirudishia mkono wake, Lieven. Niombe chochote."

"Karatasi, Mtukufu."

Mfalme aliitazama ile karatasi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Chochote kingine," alisema.

Lieven alidhani amesikia vibaya. "Mtukufu uliniahidi. Siku ya Wafu, kisha safari."

"Nilimwahidi mwimbaji. Sikujua kwamba... Nikikuacha uende, ukaugua njiani? Wakikuiba wengine? Nani ataniimbia? Nyumba ile ya bustanini, ichukue. Joho langu, lenye manyoya, chukua. Kila Ijumaa uniimbie mara moja. Mara moja tu."

Hapo Lieven alipiga magoti na kusema yote aliyokatazwa kusema. Alisema jicho la kushoto na jicho la kulia. Alisema Pasaka. Alitoa ile barua kifuani, akaisoma kwa sauti mpaka kwenye habari ya pua. Mfalme alipiga magoti pia, hapo hapo kwenye mawe, akamshika mikono yote miwili, na alikuwa analia machozi ya kweli, mwenye kusema vinginevyo hakumjua Mfalme Ardovino.

"Maskini," alisema. "Maskini mama wa watu. Mimi ningetoa ufalme wangu wote Oretta anitazame mara moja tu." Akamkazia macho. "Kwa hiyo unaelewa. Ndiyo maana wewe tu ndiye unayeweza kuuimba. Mwingine hana pa kuutoa."

Akanyanyuka, akaiweka ile karatasi ndani ya kasha la udi, akafunga kifuniko. Akasema atamwandikia Machteld barua kwa mkono wake mwenyewe, amweleze jinsi mumewe alivyopendwa. Lieven akabusu mkono wa mfalme na kushukuru, kwa kuwa mtu hufanya nini kingine? Alitoka akiwa amevaa joho lenye manyoya juu ya viatu vya mlimani.

Theluji ilianguka siku nane baadaye. Kabla ya hapo ilikuwako Ijumaa moja, na hiyo ndiyo Ijumaa aliyoitegemea Lieven. Aliwaza hivi: mfalme husamehe mafua, husamehe kukauka koo, atangoja na kukuletea asali. Kitu kimoja tu hawezi kukisamehe. Kilimfanya aseme "toka" mara moja, kitamfanya aseme tena. Alimwambia Prosdocimo, na Prosdocimo akaapa kwa msalaba kwamba safari hii atauma ulimi. Baldo akasema atauma wa Prosdocimo pia, kwa usalama. Mzigo ulikuwa mlangoni.

Mfalme alipiga udi, Lieven akaimba. Alipokaribia mwisho alijikaza, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akakusanya ile miaka thelathini na mbili yote ya kupandisha bila kufikiri. Akalisukuma koo lipande. Machteld alikuwapo tayari, anamngojea palepale kwenye noti, mkono umenyooshwa.

Sauti ikashuka.

Mfalme alifuta machozi, akatengeneza uzi mmoja uliolegea, na kumwomba kwa upole arudie tangu mwanzo.